Udongo unaonasa sumu ya kuvu na ule usionasa

Hotuba kwa wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, Lubumbashi, kabla ya majira ya mvua

Wamama, wababa, na ninyi vijana mlioacha mabanda asubuhi hii mkaja, jambo sana.

Nimeombwa niongee juu ya ule unga wa kijivu unaouzwa kwenye maduka ya provenda, yaani chakula cha mifugo, unaoitwa kinasa sumu. Wengine wenu mnauita dawa ya uvundo. Swali lililonifikia kabla ya mkutano ni moja, ingawa limeulizwa kwa njia nyingi: nikiuchanganya unga huo, naweza kuwapa kuku mahindi yaliyoota kuvu? Natoa jibu sasa hivi, ili hata mwenye haraka aondoke nalo. Kwa mahindi yaliyooza, hapana. Kwa mahindi yanayoonekana mazuri lakini huna hakika nayo, ndiyo, na hapo unanasa sumu moja tu, aflatoksini. Sumu nyingine za kuvu zinapita.

Nikisema hivyo nikakaa, nitakuwa nimewaibia muda wenu. Tuende polepole.

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Watu walitafuta ugonjwa, wakapekua virusi na bakteria, hawakupata. Mwishoni walirudi kwenye chakula. Bata mzinga wale walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani ya mashudu kulikuwa na sumu iliyotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Ndipo aflatoksini ikajulikana. Kuvu huyo ndiye yule yule anayeacha vumbi la kijani lenye manjano kwenye kiini cha punje ya hindi, hapa kwetu na popote penye joto na unyevu. Anastawi kwenye joto la digrii 25 hadi 35. Hesabuni wenyewe ni miezi mingapi Lubumbashi tunampa joto hilo.

Sumu yake haifi kwa moto wa jikoni. Ukikaanga mahindi, ukiyachemsha, ukiyaanika upya juani hadi vumbi lote lidondoke, kuvu anakufa lakini sumu aliyokwisha kuitengeneza inabaki. Ndiyo maana mahindi yaliyopukutwa na kupepetwa yakang'aa yanaweza kuwa na sumu nyingi kuliko yale yenye doa. Macho ni mlinzi wa kwanza, lakini hayatoshi.

Na kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Sheria za Ulaya zinakataa chakula kamili cha kuku au nguruwe wakubwa chenye aflatoksini B1, aina kali kuliko zote za sumu hii, zaidi ya mikrogramu 20 kwa kilo. Hiyo ni miligramu 20 katika tani nzima, uzito wa chumvi kidogo inayokaa kwenye ncha ya kidole, iliyotawanywa ndani ya magunia 20 ya kilo 50. Kwa ng'ombe wa maziwa kikomo ni mikrogramu 5.

Ninapopasua kuku aliyekula sumu hii majuma kadhaa, naenda moja kwa moja kwenye ini. Ini la kuku mzima ni jekundu lenye weusi, lina kingo kali, ukilibonyeza linarudi. La huyu limevimba, kingo zimekuwa butu, rangi imegeuka manjano ya mafuta, na kidole kinaingia. Wakati mwingine chini ya ngozi ya paja kuna damu iliyovilia bila kuku kupigwa na mtu, kwa sababu ini lililochoka halitengenezi vizuri vitu vinavyogandisha damu. Lakini wengi wenu hamfiki mahali pa kupasua. Mnaona mayai yamepungua, kuku hawanenepi, na chakula kinakwisha kama kawaida. Halafu linakuja jambo linalowagombanisha na waganga wa mifugo: mmechanja kideri, mmechanja Gumboro, na kuku bado wanakufa. Mnasema chanjo ilikuwa ya bandia. Huenda ilikuwa ya bandia, au ililala nje ya friji. Lakini aflatoksini inadhoofisha kinga ya mwili, na kuku anayeila kila siku hawezi kuitikia chanjo vizuri hata ikiwa chanjo ni nzuri. Kabla ya kumlaumu aliyechanja, angalieni gunia.

Gunia lenyewe linatoka wapi? Mengine yanatoka mashamba ya Katanga, mengine yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, yakisubiri kwenye lori chini ya turubai, mchana jua na usiku baridi, jasho likidondoka ndani. Yakifika, mahindi ya daraja la kwanza na la pili yanakwenda kwenye bukari, yaani ugali wetu. Punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, vumbi la chini ya gunia, hizo ndizo tunazoita chakula cha kuku. Na pumba, jamani. Mahindi yanapokobolewa ili kutoa unga mweupe, sehemu kubwa ya sumu inakwenda na ganda na kiini, maana yake inakwenda kwenye pumba. Sisi tunanunua pumba kwa bei rahisi, tunaongeza mashudu ya karanga, ambayo ni chakula kingine kinachopendwa sana na kuvu huyu, kisha tunashangaa. Naomba hili lieleweke: mpangilio wetu wa kugawa mahindi unawapelekea mifugo sumu kwa utaratibu, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Na mifugo hiyo ndiyo inayolipa karo za watoto wetu.

Sasa, udongo wenyewe.

Unga mzuri wa kunasa aflatoksini ni udongo unaoitwa bentoniti, ambao ndani yake kuna madini ya montmoriloniti. Ukiyatazama madini haya kwa vyombo vikali utaona ni matabaka membamba yaliyolaliana kama bunda la noti za faranga, kila tabaka likiwa na unene wa karibu sehemu moja ya bilioni ya mita. Kati ya tabaka na tabaka kuna maji na chembe za kalisi au sodiamu. Matabaka haya yanaachana kidogo yakiloa, na nafasi inayofunguka ndiyo inayofanya kazi. Ukitandaza pande zote za matabaka yaliyomo katika gramu moja tu, ungefunika zaidi ya mita za mraba 700.

Molekuli ya aflatoksini ni bapa. Inateleza ndani ya nafasi ile, na upande wake mmoja una oksijeni mbili zilizokaribiana ambazo zinashikwa na zile chembe za kalisi. Imeshikwa pande zote, haitoki kirahisi, si kwenye asidi ya tumbo wala kwenye utumbo ambako asidi imepungua. Inapita na kutoka pamoja na kinyesi bila kuingia kwenye damu. Hakuna uchawi, na sumu haijaharibiwa. Imezuiwa njiani.

Jambo hili lilithibitishwa Marekani katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 Timothy Phillips na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba udongo wa aina hii, ukichanganywa asilimia nusu tu kwenye chakula, uliwakinga vifaranga dhidi ya madhara mengi ya aflatoksini. Tangu hapo majaribio yamefanywa kwa nguruwe, bata mzinga, kondoo na ng'ombe. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliidhinisha bentoniti kwa kazi hiyo hasa, kwa kuku, nguruwe na wanyama wanaocheua, ukiweka masharti: iwe na montmoriloniti ya kutosha, isipungue asilimia 70, na katika kipimo cha maabara ishike zaidi ya asilimia 90 ya aflatoksini B1. Kikomo cha juu kikawa kilo 20 kwa tani ya chakula kamili.

Kutokana na maelezo hayo mnaweza kujijibu wenyewe maswali mengi. Kwa mfano: kuku wameshaugua, ini limeshaharibika, je, niwawekee udongo ili uwasafishe? Hausafishi. Udongo hauingii kwenye damu, haulifikii ini. Aflatoksini inafyonzwa haraka sana, mwanzoni mwa utumbo, kwa hiyo udongo lazima uwe ndani ya donge lile lile alilomeza kuku. Kuutia kwenye maji jioni baada ya chakula cha asubuhi ni kupoteza pesa. Na ukiupeleka ule mchanganyiko maabara, sumu bado itaonekana, kwa kuwa bado imo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba amesafisha mahindi yake kwa udongo na sasa anayauza.

Swali la pili, zito zaidi: sumu nyingine je? Fusarium ni kuvu mwingine. Ndiye anayeleta ule weupe wenye uwaridi kwenye ncha ya gunzi, mara nyingi mahali ambapo funza walitoboa. Yeye anatengeneza fumonisini, zearalenoni na deoksinivalenoli. Molekuli hizo hazina ule ubapa na ule mshiko, basi kwa bentoniti ya kawaida zinapita, au zinanaswa kidogo tu. Fumonisini nyingi inawajaza nguruwe maji kwenye mapafu, wanahema mdomo wazi na kufa. Zearalenoni inafanya kazi kama homoni ya kike: nguruwe jike mdogo, ambaye bado hajafikia umri wa kupandwa, anavimba uke na kuwa mwekundu kama anayetaka dume. Deoksinivalenoli inawafanya wakatae chakula, na wakila sana wanatapika. Mfugaji wa nguruwe anayeona dalili hizi na kuongeza udongo maradufu anajidanganya, na nguruwe wanazidi kuumia.

Viko vitu vingine. Ukuta wa seli za hamira, ile ile jamii ya hamira ya mkate, unashika zearalenoni kiasi fulani, na unauzwa ukiwa umetayarishwa viwandani. Viko vimeng'enya vinavyovunja fumonisini, na bakteria aliyekaushwa anayebadilisha deoksinivalenoli; hivyo havinasi, vinaharibu sumu yenyewe. Ni ghali, na ukivikuta hapa utalipa pia usafiri wote kutoka mbali. Kwa mfugaji mwenye nguruwe wachache, njia ya akili ni kutupa ncha za magunzi zenye kuvu kabla ya kupukuchua.

Nimesikia wengi wakitwanga makala, yaani mkaa wa kupikia, na kuyatia kwenye chakula. Naelewa mlikotoa wazo hilo: hospitali zinampa aliyekunywa sumu mkaa. Lakini ule ni mkaa uliotayarishwa kwa mvuke mkali hadi ukajaa vitundu visivyohesabika. Makala tunayopikia hayana nguvu hiyo. Na hata ule wa hospitali haufai kulishwa kila siku, kwa sababu unashika chochote unachokutana nacho, vitamini zikiwemo. Montmoriloniti tunaipenda kwa sababu inachagua.

Sasa nafika mahali ambapo nawaomba mnisikilize kuliko pote. Katanga imejaa vichuguu. Baadhi yake ni virefu kuliko nyumba, tunachomea matofali udongo wake, na wamama wajawazito wanautafuna. Basi mtu anajiuliza: kama udongo ndio dawa, kwa nini ninunue? Nachukua jembe. Mwingine anakwenda sokoni kununua pemba, ule udongo mweupe, anasaga, anachanganya.

Msifanye hivyo. Kwanza, si kila udongo una matabaka yanayofunguka. Pemba ni kaolini, na matabaka ya kaolini yameshikamana kabisa. Aflatoksini haina pa kuingia, inagusa nje tu na kuondoka. Udongo wa kichuguu ni mchanganyiko ambao hutaujua bila kuupima. Pili, tunaishi juu ya shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi katika mji huu mwaka 1911, na watafiti wamepima ardhi inayolizunguka lile bomba refu la moshi wakakuta shaba, kobalti, risasi na metali nyingine kwa wingi. Udongo unaoshika vitu umeshashika na hivyo. Ukimlisha kuku, unampelekea metali, na kuku anampelekea mtoto wako kwenye yai. Hata nchi zenye maabara kila kona zimeteleza hapa. Mwaka 1997, Marekani, kuku, mayai na samaki wa kufugwa walikutwa na dioksini, sumu nyingine kali. Chanzo kilikuwa udongo uliochimbwa Mississippi na kuchanganywa kwenye soya ya chakula cha mifugo ili isigandamane. Hakuna aliyeuangalia udongo kwa kuwa ni udongo tu.

Kwa hiyo mkinunua, someni gunia. Litaje bentoniti au montmoriloniti kwa jina, liseme imetengenezwa kwa chakula cha mifugo, lionyeshe mtengenezaji, tarehe na kipimo cha kuchanganya. Bentoniti ya kuchimbia visima na ya kujengea ipo pia, ni rahisi, na haikupimwa kwa ajili ya tumbo la mnyama. Muuzaji anayewapimia unga mweupe kwenye kopo bila gunia lake, akisema unanasa sumu zote, achaneni naye.

Kipimo: kwa bidhaa nyingi za bentoniti ni kati ya kilo 2 na kilo 5 kwa tani, mfuate maandishi ya gunia. Kwa kilo 5, mfuko wa provenda wa kilo 50 unahitaji gramu 250. Usizimwage juu ya lundo na kugeuza mara mbili kwa koleo. Chukua kilo 2 za mahindi yaliyosagwa, changanya nazo zile gramu 250 kwenye beseni mpaka rangi iwe moja, kisha zimwage kwenye kilo 10, geuza, halafu ndipo mfuko wote. Kuku mmoja hali wastani wa mfuko. Anakula gramu mia na kitu, na ndani ya hizo udongo lazima uwemo.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Udongo unaweza kushika dawa. Kwenye idhini ile ya Ulaya imeandikwa kwamba kuku wasipewe bentoniti pamoja na robenidini, dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo vinavyoleta kuhara damu), na kwamba ukizidisha kilo 5 kwa tani usitumie dawa nyingine yoyote ya koksidia ndani ya chakula. Antibiotiki za jamii ya makrolidi, zinazopewa kwa mdomo, nazo ziepukwe. Kwa hiyo ukiwa kwenye matibabu, mwulize munganga wa mifugo kwanza. Koksidia inaua vifaranga haraka kuliko aflatoksini.

Wenye ng'ombe, mna mzigo zaidi ya wenye kuku. Ng'ombe akila aflatoksini B1, asilimia 1 hadi 6 hivi inatokea kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1, na inaonekana ndani ya siku moja. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Udongo unaipunguza, hauimalizi. Maziwa hayo wanayanywa watoto wanaoanza kuacha ziwa la mama, ambao tayari wanakula uji wa mahindi yale yale. Pumba yenye harufu ya uvundo isimfikie ng'ombe anayekamuliwa, hata kama umenunua kinasa sumu bora kuliko vyote.

Mama mmoja ameandika kwenye karatasi: je, na sisi tutie kwenye bukari? Nashukuru kwa swali, kwa sababu sumu hii inaleta saratani ya ini kwa binadamu, na kwa wingi inaua mara moja. Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Nchini Ghana watu wazima walipewa udongo uliosafishwa, katika vidonge, kwa miezi mitatu, chini ya madaktari, na alama za sumu mwilini zilipungua. Lakini ule ulikuwa udongo uliopimwa kila kitu, na watu walipimwa damu. Mfuko wa dukani usiingie jikoni. Jikoni, kazi ni kuchambua punje na kukausha.

Na kukausha kunaweza kujaribiwa bila mashine. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kabisa, iliyokaangwa kidogo au kuanikwa, robo ya chupa hivi, au chini yake. Ongeza mahindi hadi nusu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo hayafai kuingia ghalani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unyevu uko chini ya hapo. Kwa kuyaweka mpaka mvua zipite, mimi nataka asilimia 13, kwa hiyo hata baada ya kioo kubaki safi, yaanikeni tena siku mbili kwenye turubai, si kwenye udongo mtupu. Kiangazi chetu kinatupa jua la kutosha bure. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu saruji inapandisha unyevu mvua zikianza Novemba.

Nina pendekezo kwa chama. Kipima unyevu kimoja kinaweza kutumiwa na wafugaji wote wa mtaa mmoja, na gunia moja la bentoniti lililoagizwa kwa pamoja litatutoshea wengi, kwa gharama tutakayogawana. Tena tupime. Sumu haikai sawa ndani ya gunia. Punje moja inaweza kuwa na nyingi na jirani zake hazina kitu. Sampuli ya konzi moja kutoka juu ni bahati nasibu. Tutachukua kidogo kidogo, juu, katikati na chini, kutoka kila gunia, tuchanganye yote, tusage, ndipo tutoe sehemu ya kupeleka maabara. Hapa mjini tuna Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Chama kiwaandikie, kiwaulize wanaweza kutusaidia kupima nini na kwa bei gani. Karatasi ya majina iko mezani karibu na mlango. Andikeni jina, idadi ya mifugo, na mahali mnaponunua mahindi, kisha tuchukue maswali.